Mifuko ya Jirani Mlangoni Petu

Mfuko wa kwanza ninaoukumbuka ulikuwa wa chumvi. Nilikuwa na miaka sita hivi, vita vya Kongo vimeufunga mji wetu pande zote, na Kindu nzima ilikuwa ikila sombe ya majani ya muhogo isiyo na chumvi. Mtu wa baiskeli alisimama mlangoni petu, akatua kifuko cha gunia, akasema, "Ya jirani wenu," akaondoka kabla mama hajampa hata maji.

Hakukuwa na jina juu yake. Siku zile jina juu ya mzigo liliweza kumpeleka mtu kaburini: ukijulikana una ndugu upande wa pili, wenye bunduki walikuita mpelelezi. Kwa hiyo watu walishona midomo ya mifuko kwa mkono, kila mmoja kwa namna yake, na mpokeaji aliutambua mkono wa mtu wake kwenye mshono.

Mama akamwita jirani wa nyuma, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Mumewe alikuwa mshona magunia wa stesheni. Alikuwa ameondoka na treni ya mizigo kuelekea Kongolo kutafuta chumvi, reli ikakatwa nyuma yake. Kabla ya kuondoka alimwambia mkewe kwamba chochote atakachotuma kitapitia kwetu, maana nyumba yao ilikuwa imeporwa mara mbili. Jirani alichuchumaa, akafumba macho, akapitisha kidole juu ya mshono: mitatu mifupi, mmoja mrefu, kisha fundo lililozamishwa ndani.

"Njo mukono yake," akasema, kwamba ndio mkono wa mumewe.

Hakuufungua mbele yetu. Mzigo ulioshonwa haufunguliwi katika nyumba ya kupokelea. Hilo hata sisi watoto tulilijua.

Vita viliisha, mifuko haikuisha. Ilikuja miwili au mitatu kwa mwaka, chumvi na sabuni na kipande cha kitenge. Nilienda chuo kikuu Kisangani, nikarudi na shahada na tabia ya kuuliza. Mtu anayeweza kutuma chumvi miaka yote hii, kwa nini asije mwenyewe? Kwa nini asipige simu? Nilimshuku mama yangu kwanza, kwamba alikuwa akimsaidia jirani kwa siri. Alinicheka.

"Weye! Kama ningekuwa na chumvi wakati ule, ningekupikia weye. Ao unafikiri nilipenda kilio yako?"

Mwaka jana mwana pekee wa jirani alikuja kutoka Lubumbashi kumchukua. Mama yake alikuwa amezeeka, macho yamefifia, paa linavuja. Jirani akakataa. Matanga ya mumewe hayakuwahi kufanywa. Bila matanga yeye si mjane, na mke haachi nyumba ya mume. "Akirudia," alisema, "atakuta nani?"

Yule mwana akaja kukaa uani kwetu, akaniita yaya, kama mtu anavyomwita mkubwa wake.

"Yaya, weye umesoma. Umuonyeshe mama kama hii mifuko haitoke kwa papa. Nimechoka kuwa mutoto ya mutu mwenye hakufe."

Nikamwahidi. Wiki hiyohiyo mfuko ukafika, umeletwa na mwenye pikipiki.

"Nani amekupatia?" nikamuuliza.

"Muzee moya pale stesheni. Amesema imeshuka na treni."

"Muzee gani?"

"Muzee tu, yaya. Amekaa juu ya magunia. Ulitaka nimupige picha?"

Nikapanda nyuma yake na mfuko mapajani, tukaenda moja kwa moja. Nyasi zilikuwa zimeota katikati ya reli. Hapakuwa na mzee, wala gunia hata moja. Mfanyakazi wa stesheni aliinua kichwa kutoka kwenye daftari lake. "Treni? Tangu mwezi jana hakuna. Ukiisikia, uniambie na mie." Mwenye pikipiki aliitazama ile sehemu tupu, akageuza pikipiki na kuniacha palepale.

Nilishuka hadi bandarini, kwa mtu anayeshona magunia ya mchele wa kupakia maboti. Aliunusa uzi.

"Hii ni katani. Sisi tunashonaka na nailoni. Katani iliisha hapa mbele ya vita kuanza. Umeipata wapi?"

Hakungoja jibu. Aliuweka mfuko chini, karibu na miguu yangu, akapangusa mikono kwenye suruali.

Nyumbani, mama akiwa sokoni, niliupiga picha ule mshono, kisha nikaufungua. Chumvi ya mawe, kavu, ingawa mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Kipande cha sabuni. Kitenge kilichokunjwa mara nne. Niligeuza kila kitu. Hapakuwa na maandishi. Nilitaka ushahidi, nikapata chumvi. Nikaushona tena kwa uzi uleule, katika matundu yaleyale, mitatu mifupi, mmoja mrefu, nikalizamisha fundo. Nililinganisha na picha mara mbili.

Alasiri jirani alikuja, mama naye akiwa amerudi. Kidole chake kilipita juu ya mshono, kikasimama katikati. Kikarudi mwanzo, kikapita tena, polepole zaidi.

"Huyu hapana yeye," akasema.

"Unasema nini, dada?" mama akamuuliza.

"Ni mukono ya mutu mwingine. Iko mutu anamushonea." Aliweka viganja vyote viwili juu ya mfuko. "Basi amekufa."

Alitembea mwenyewe hadi uani kwake. Ndipo tukasikia yowe.

Watu walikuja kulia, wa kanisani na wa msikitini. Walimnyoa jirani kichwa, kama mjane. Kwa kuwa mwili haukuwepo, walichimba kaburi dogo na kuuzika ule mfuko, na mimi nikatupa udongo juu ya kazi ya mikono yangu. Yule mwana alinishika mkono. "Asante, yaya. Sijue ulimuambia nini." Mara tatu nilikwenda kwa jirani kumweleza ukweli, na mara tatu alinipokea akiwa ametulia, akisema sasa analala. Ningemweleza nini? Kwamba amenyolewa bure? Alipanda ndege na mwanawe, nikambebea sanduku.

Wiki iliyopita mfuko mwingine ulifika. Mwanamke nisiyemjua aliutua mlangoni akaenda zake. Mitatu mifupi, mmoja mrefu, fundo ndani. Uzi wa katani. Mama hakuugusa.

"Ni ya jirani," akasema.

"Jirani hayuko tena, mama."

"Basi umupigie. Ao uifungue. Si weye njo unajuaka kufungua?"

Sikujua kwamba alijua. Niliuweka mfuko juu ya kiti, nikapiga simu Lubumbashi. Jirani aliitika akicheka, wajukuu wakipiga kelele nyuma yake.

"Mwanangu! Habari ya Kindu?"

"Nzuri, mama."

"Muko na kitu gani kipya?"

Niliutazama mshono. Matundu yake yalikuwa madogo, na hayakutobolewa mara mbili kama yale niliyoyashona upya mimi. Nikamuuliza kama mvua imeanza huko kwao. Akaanza kunieleza, na mimi nikamwacha aeleze.