Siku Tajiri Alipoleta Basi Bila Utingo

Nilikuwa kondakta wa basi la Tarime kwenda Musoma, miaka ya hamsini. Tajiri wetu akatangaza kwamba utingo wote wataachishwa kazi. Abiria wana mikono, alisema, watapandisha mizigo yao wenyewe. Chama chetu cha wafanyakazi kilipinga. Tulikaa naye vikao mpaka tukakaukwa na mate, na bado akashikilia lake. Simung'unyi maneno, mtu yule sikumpenda.

Siku ya kwanza bila utingo alikuja stendi mwenyewe kutuonyesha kwamba inawezekana. Akamwambia abiria mmoja wa Nyanungu, mwanamume wa miraba minne, apande kwenye keria apokee magunia ya ulezi. Yule bwana akakanyaga ngazi, akachungulia dirishani, akashuka haraka na kugeuza uso. Ndani alikuwa ameketi mama mkwe wake. Kwetu Wakurya hukai juu ya kichwa cha mkweo, hata kama katikati kuna bati.

Tajiri akamwita mwingine. Huyo akasema yeye na yule bwana ni rika moja la jando, kwa hiyo mama yule ni mkwe wake pia. Karibu wanaume wote pale stendi walikuwa rika hilo.

Jua lilipokuwa kali, tajiri akatuma mtu amwite utingo wetu, Msukuma asiye na mkwe Tarime nzima.

Chama kilikuwa kimeandaa hoja nyingi. Mama yule hakufungua mdomo.