Magoti ya Mama Wakati wa Eda

Baba alifariki mwaka ambao kaka yangu alihamia kijiji cha ujamaa upande wa Usoke, akalime tumbaku. Nyumbani kwetu mjini, mtaa wa Ng'ambo, tulibaki wanawake watatu: mama, aliyeingia eda; shangazi, yaani dada yake baba; na mimi.

Magoti ya mama yalikuwa yakimuuma tangu zamani. Shangazi aliamini kwamba heshima ya mjane ni kutomwacha anyanyuke. Maji ya kutawadha tulimpelekea kitandani, chakula kitandani. Akijaribu kuinuka, shangazi humwambia, "Tulia, wifi. Unataka watu waseme tumekutelekeza?"

Eda ilipofika katikati, mama hakuweza tena kusujudu. Aliswali ameketi, machozi yakimtoka. Alichomwomba Mungu ni kimoja tu: paji lake la uso liguse tena mkeka.

Tulimwita mganga wa zahanati. Aliyakunja magoti yale, yakasaga kama yana mchanga ndani.

"Yamechakaa, mama, hayatakuwa mapya. Lakini kulala kunayamaliza kabisa. Keti ukingoni mwa kitanda, nyoosha mguu, ushikilie, ushushe taratibu. Simama, keti. Kisha tembea uani, kila siku uongeze kidogo. Maumivu madogo usiyaogope. Goti likivimba, punguza."

"Mjane acheze gwaride?" shangazi akauliza. "Basi mpe na bunduki, aende mgambo."

Nilimwendea mwalimu aliyenisomesha Kurani chuoni, nimuulize sheria ya eda. Alikuja, akasimama barazani na kusema kupitia pazia, "Eda inamzuia kujipamba na kutoka nje bila dharura. Uani ni kwake, atembee."

Kesho yake asubuhi nilimkuta shangazi amemshika mama mkono, wanakwenda polepole kuelekea jikoni, mama akivuta tasbihi na kuuma meno.

"Wifi," mama alimwambia, "mgambo wako amechoka."

"Mgambo hachoki. Twende."

Eda ilipokwisha, mama alivuka kizingiti kwa miguu yake, ameegemea fimbo. Alhamdulillahi, alitembea hivyo miaka kadhaa. Lakini sijida haikurudi. Goti la kulia lilikuwa limeshaganda, akaswali juu ya kigoda mpaka mwisho wake.

Siku tuliyomwosha, nililibonyeza goti lile taratibu linyooke kwa ajili ya sanda. Halikunyooka. Shangazi aliuondoa mkono wangu.

"Usimuumize," alisema.

Tukamvisha sanda hivyo hivyo.