Mgongo wa Gauni la Magdalena

Tangu mkewe Susana azikwe pale migombani, Aminieli Nnko aligombana na kila kitu kilichosimama mbele yake. Aligombana na jogoo kwa kuwika. Aligombana na vibarua kwa kuchuma kahawa isiyoiva. Mchungaji alipokuja kumfariji, akasema Mungu ana mpango wake, Aminieli akamuuliza ni mpango gani huo usioweza kungoja mtu amalize kushona. Mchungaji aliaga kabla ya uji kufika.

Kilichomchoma ni gauni. Lilikuwa limetundikwa chumbani kwenye msumari, limefunikwa shuka, na kila akiingia kuchukua koti alilikuta limesimama kama mgeni asiyetaka kukaa.

Susana alikuwa yaya kwenye shamba la Mzungu kule Usa. Siku moja bibi mwenye shamba alimchukua mpaka Arusha mjini, kwenye nyumba ya picha za sinema, maana mtoto hakukubali kubebwa na mwingine. Susana akasimama nyuma gizani, mtoto begani, anamtikisa taratibu. Mbele kule, kwenye kile kitambaa kikubwa, mwanamke akawa anashuka ngazi amevaa gauni jeupe. Susana alirudi Akeri hana usingizi. Kifua kimejaa puleki kama magamba ya samaki, alisema. Mikono ya kimia. Kuanzia kiunoni shanga zinamwagika kama mvua kwenye jani la mgomba.

"Magdalena wetu ataolewa amevaa hilo," akasema.

"Hilo la Wazungu."

"Uzi ni uzi, Baba Magda."

Kitambaa na shanga alinunua duka la Mhindi. Cherehani aliitumia kuunganisha tu. Mengine yote yalikuwa ya mkono, puleki moja moja, shanga moja moja, kwa uzi alioupaka nta ili usikatike. Alikaa mlangoni kupata mwanga, na Aminieli akipita alifukuzwa: "Ondoka hapo, wewe si dirisha." Mwaka ukapita, ukaingia mwingine. Mvua za masika zikaja na kichomi, na kichomi kikamchukua.

Gauni alilowaachia lilikuwa hivi: mbele linang'aa mpaka unaumia macho. Mikono tayari. Sketi tayari. Lakini mgongo, toka shingoni mpaka kiunoni, ulikuwa satini nyeupe tupu. Hata shanga moja haikuwapo.

Harusi ilikuwa Jumamosi inayofuata. Magdalena alikuwa anaolewa na Philemoni, mwalimu wa shule ya misheni. Shela ya kanisa, ile wanayoazimwa mabibi harusi wote, ilikuwa fupi, inaishia mabegani.

"Baba," alisema Magdalena, "kanisani watu wote wanakaa nyuma yangu. Nitakuwa kama nyumba iliyopakwa chokaa mbele tu."

"Asiyependa afumbe macho."

"Wewe hutasimama pale. Nitasimama mimi."

Aminieli alijua mtoto ana haki. Ndiyo maana alizidi kukasirika.

Hanna, dada mkubwa wa Susana na kiongozi wa akina mama wa kanisa, alikuja na kopo la shanga.

"Shemeji, nipe nilimalizie."

"Lile la kwenye picha, mgongoni lilikuwa na nini?"

"Maua. Mgongoni huwa maua."

"Umeliona wewe?"

"Mimi siingii nyumba za picha."

"Basi hulijui."

"Wewe ni mkaidi," Hanna akasema. "Mdogo wangu alikuvumilia kwa sababu hakuwa na pengine pa kuweka cherehani."

Aminieli akafunga mlango wa chumba na ufunguo akauning'iniza ukutani. Susana aliona kitu. Alikishona kama alivyokiona. Sasa mtu aje abandike maua yake juu ya kazi hiyo, halafu watu waisifu kama kazi ya Susana? Hapana. Asiyejua Susana aliona nini, hagusi.

Siku tatu kabla ya harusi, dereva wa lori la ndizi alimwambia kwamba ile picha ya mwanamke wa ngazi imerudishwa mjini. Aminieli akavaa koti, akashika kofia, akapanda juu ya ndizi.

Mlangoni pa nyumba ya picha alisimama Mchagga mmoja wa Machame, jina lake Ndesanjo, ana koti la vifungo vya shaba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nataka kuingia."

"Hii si yetu, mzee. Imeandikwa Waafrika wasionyeshwe. Ingekuwa ile picha ya serikali ya kuogesha ng'ombe, ningekukalisha mbele kabisa."

"Mke wangu aliingia humu."

"Aliingia kama nani?"

"Amebeba mtoto wa Mzungu."

"Basi nenda kamlete mtoto wa Mzungu, uingie."

Aminieli akaibana kofia mpaka ikapoteza umbo. Maisha yake yote alikuwa ameambiwa hapa si pako: barazani, dukani, hata kwenye mashamba yaliyokuwa ya babu yake kabla hayajazungushiwa waya. Alikuwa amezoea. Lakini leo alikuwa anadai kitu cha Susana, na cha Susana hakuzoea kunyimwa.

"Wewe umeiona?" akauliza.

"Nimeiona mpaka naiota."

"Yule wa gauni jeupe. Anayeshuka ngazi. Mgongoni gauni lake lina nini?"

Ndesanjo akatazama kulia na kushoto. Wahindi wawili walikuwa wanaingia. Akawafungulia mlango, akaufunga, akarudi na sauti ya chini.

"Mzee, mgongoni hakuna gauni."

"Hakuna nini?"

"Hakuna gauni. Limekatwa mpaka hapa." Akajishika kiunoni kwa nyuma. "Juu ya hapa ni nyama yake mwenyewe. Akigeuka tu, watu wanapiga miluzi."

Ndesanjo akamtazama usoni, akamuuliza kama anataka maji.

Njiani kurudi alikuwa na hasira na marehemu. Ulinificha, Susana. Ulikaa mlangoni mwangu mwaka mzima unamshonea mtoto wangu gauni la mtu aliye uchi, na mimi unanifukuza kwenye mwanga. Halafu, pale darajani Tengeru, akaelewa alichokuwa anakifikiri. Kama mgongoni hapakuwa na kitu, basi hakuna kilichobaki kushonwa. Palipokuwa na nyama, Susana aliweka satini.

Alipofika nyumbani alikuta mlango wa chumba uko wazi. Gauni lilikuwa sebuleni juu ya magoti ya Hanna, na akina mama wawili pembeni wanachagua shanga. Mgongoni maua mawili mekundu yalikuwa tayari yameshonwa.

"Toa hayo," alisema Aminieli.

"Shemeji, pole na safari. Kuna loshoro jikoni, ukale."

"Toa, Hanna."

"Mtoto aende madhabahuni na nusu gauni?"

"Ni zima. Susana alimaliza."

"Nani kakuambia? Marehemu?"

Akina mama wakainamisha vichwa. Magdalena alitoka jikoni akasimama mlangoni. Aminieli hakutaka kulisema jambo lile mbele ya wanawake wa kanisa, lakini lilikuwa limeshamjaa mdomoni.

"Yule mwanamke wa picha yuko uchi mgongoni, mpaka kiunoni. Mdogo wako alimvika nguo. Wewe unamharibia kazi kwa maua."

Hanna aligeuza gauni ndani nje, polepole, kama mtu anayetafuta pa kubishia. Akapitisha kidole kwenye bitana ya mbele, kisha ya mgongoni. Bitana hushonwa mwisho, shanga zikishatiwa, ili ifiche mafundo ya uzi. Ya mgongoni ilikuwa imeshonwa kote, kama kazi iliyokwisha, na mafundo pekee yaliyotokeza juu yake yalikuwa ya Hanna mwenyewe.

"Nilitoboa bitana," akasema. Kisha: "Susana. Mjanja yule."

Mama mmoja akaanza kucheka, akajiziba mdomo kwa kanga.

"Wembe," Hanna akamwambia Magdalena. "Na maneno haya hayatoki humu ndani. Mchungaji akisikia, hatutapumua kwa kelele zake."

"Mama mkubwa, watasema halikumalizika," alisema Magdalena.

"Watasema," Aminieli akajibu. "Wewe unajua."

Magdalena akaleta wembe, akakaa chini, akaanza kukata uzi mwenyewe.

Jumamosi Magdalena alisimama madhabahuni, na kanisa zima likautazama ule mgongo mweupe. Kwenye benchi la nyuma ya Aminieli mtu akanong'ona: maskini, mama alifia katikati ya kazi. Aminieli aligeuka, akamtazama yule mtu mpaka mwenyewe akashika kitabu cha nyimbo na kukifungua.

Kisha akageukia mbele. Magdalena alikuwa amenyooka, na hakuvuta shela nyuma kujifunika.