Ngitili Yetu ya Mtoni

Mlio uliotoka mtoni niliudhani ni wa ndege hondohondo. Naona aibu kuliandika hilo, maana hondohondo hangurumi kama mashine, lakini mtu ambaye safari yake ndefu ya mwaka ni kwenda gulioni Kharumwa na kurudi husikia anachotaka kusikia. Nikawavua wanangu viatu, nikawaamuru wafunge midomo, tukanyata na mkeka na sufuria ya wali hadi ukingoni. Mchimbaji mmoja aliyejaa tope akainua kichwa shimoni: "Shikamoo mama. Mnamtafuta nani?" Nikajibu kwamba tunatafuta tumbili. Wenzake walicheka mpaka wakazima karasha, mashine yao ya kusaga mawe ya dhahabu.

Nilipokuwa darasa la nne, pale palikuwa ngitili, yaani miti na majani yaliyofungwa masika yote ili mifugo ipate cha kula kiangazi kikikaza. Kiangazi kile shangazi yangu Kabula, mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa kijiji cha pili, alitupeleka huko kila Jumapili baada ya kanisa, kutazama wanyama tu. Shoka lilibaki nyumbani. Kulinukia makuyu yaliyoiva na mchanga mbichi. Tulifukua mchanga wa mto kwa mikono mpaka maji yakajikusanya, tukanywa, kisha tukalala chali huku tumbili wakituangushia makuyu kama wenye nyumba wanaofukuza wageni. Siku moja pongo alishuka kunywa, nami nikakanyaga kijiti, akatoweka. "Milembe, unakanyaga kama ng'ombe wa plau!" shangazi alifoka. "Hata watu wa Kishapu wamekusikia!" Na sheria haikuchagua mtu. Aliyeingiza mbuzi kabla ya ngitili kufunguliwa alitozwa mbuzi huyo huyo. Baba yangu alitozwa. Kijiji kizima kilikunywa mchuzi, nasi wanawe tukiwamo, naye amenuna pembeni.

Wale wale walionyonya mifupa ya mbuzi wa baba ndio walionyoosha mikono kikaoni wachimbaji walipoomba eneo. Hilo ndilo linalonichemsha damu. Wachimbaji ni wageni, wanatafuta riziki. Sisi tulijua tunachokitoa. Mikuyu imekuwa matimba ya kuzuia kuta za mashimo. Maji tuliyoyanywa kwa viganja sasa yana rangi ya chai ya maziwa, hata ndama hatumnyweshi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe sasa tutaujengea nini? Imebaki kona moja yenye mikuyu michache, ambako tumbili waliosalia wamejibana, nayo inaombwa. Kikao cha kuiamua ni Jumatano. Tulipokuwa tunarudi, binti yangu Limi aliniuliza kwa upole kama wanyama niliowasimulia nilikuwa nimewatunga. Afadhali angenizaba kofi.

Jioni nikayamwaga yote kwa jirani yangu Mama Kulwa, mjane tunayechambua naye mlenda uani kwangu. Niliwatukana viongozi, nikawatukana walionyoosha mikono, nikatukana hadi karasha. Alinisikiliza mpaka mlenda ukaisha, akasimama, akakung'uta kanga yake.

"Mama Limi, kikao cha kwanza nilikataa peke yangu, wakaniita mchawi, na wewe ulikuwa hapa hapa unakaanga maandazi. Kelele hizi usinipigie mimi. Njoo Jumatano uwapigie wao."