Mama Matangazo na Mlinzi Wetu

Katika nyumba zetu zilizozungushiwa ukuta mmoja, habari zilikuwa na mwenyewe. Kila Jumapili asubuhi, tukishafagia njia na kuzibua mitaro, tulikusanyika getini, na Mama Matangazo akashika kipaza sauti.

Jina hilo tulimpa sisi. Alikuwa karani wa mapokezi hospitalini, akiita wagonjwa dirishani, na alistaafu na sauti ile ile: kavu, isiyo na haraka. Mume alitangulia mbele ya haki, wanawe wakaoa na kuolewa mbali. Nyumba yake ilikuwa safi hadi inatisha. Viti vimevishwa vitambaa na hakuna wa kuvikalia. Matangazo ndiyo yaliyomtoa nje. Katikati ya wiki alipita mlango hadi mlango: "Hodi wenyewe. Kuna jipya?" Nasi tulimwambia. Maji yatakatika lini, binti wa daktari wa meno anaolewa lini, nani kalazwa. Tulikuwa pia na utaratibu tuliouona wa kistaarabu sana: anayesafiri alitangazwa, ili majirani waitazame nyumba yake. Wazee wa nyumba za nyuma walipolalamika kwamba hawasikii, ni yeye aliyedai spika ifungwe juu ya nguzo ya geti. Ikafungwa.

Kisha nyumba zikaanza kuvunjwa, tena mchana kweupe. Kwanza ya mwalimu wa hesabu, aliyekwenda kumuuguza mama yake. Waliondoka na televisheni, wakachukua na mapazia. Halafu ya daktari wa meno, familia nzima ikiwa harusini. Ukuta wa nyuma, karibu na shimo la taka, ulikuwa na alama za viatu. Mwizi hakukosea nyumba hata mara moja. Aliingia palipo patupu tu.

"Huyu mtu anajua nani katoka," Mama Matangazo alimwambia mwenyekiti wetu. "Na anayejua nani katoka ni anayefungua geti."

Anayefungua geti mchana alikuwa mlinzi tuliyemwita Kobe, kwa sababu ukipiga honi alimaliza kwanza kufunga kamba za viatu ndipo akaja. Mwenyekiti, mpima ardhi mstaafu, husema kila neno kana kwamba anachimbia alama ya mpaka.

"Mchawi mpe mwanao akulelee," alisema. "Sisi tulimpa, na bado."

"Tusimhukumu. Nitampima mwenyewe," Mama Matangazo akajibu.

Lisemwalo lipo, husema watu, na kama halipo linakuja. Sijapata kuipenda methali hiyo. Imewapa wavivu wa kufikiri ruhusa ya kumhukumu mtu kwa sababu tu ametajwa. Wiki haikuisha, kila mmoja alikuwa na lake. Kobe ana viatu vipya. Kobe anaongea na simu akiwa amegeukia ukutani. Kobe siku hizi hacheki. Kobe jana alicheka, alikuwa anacheka nini?

Ijumaa jioni Mama Matangazo alisimama kwenye kibanda cha Kobe pale getini.

"Baba, kesho nakwenda kwa binti yangu. Naondoka alfajiri kabla hujaingia. Sijamwambia mtu mwingine. Niangalizie nyumba."

"Haya, mama. Nisalimie dada."

"Utapitia?"

"Nitapita."

Hakwenda popote. Alifunga madirisha, akapitisha mkono kwenye nondo za mlango wa chuma akabana kufuli kwa nje, akaketi kwenye kiti chake chenye kitambaa, mchi wa kinu mapajani. Hakuwasha jiko, moshi usije ukamsaliti. Jua lilipokuwa kichwani alisikia hatua. Akasogeza pazia kidogo. Alikuwa Kobe. Alilishika kufuli, akalitikisa mara mbili, akazunguka hadi dirisha la jikoni, akalisukuma kwa kiganja, akaondoka.

Saa ile ile mama yule angeweza kujiuliza: mtu aliyeombwa kuangalia nyumba huangalia nini kama si milango na madirisha? Lakini aliyekwisha kuamini haulizi. Jua halijatua alikuwa barazani kwa mwenyekiti.

"Ameshika kufuli langu kwa mkono wake."

"Umemwona?"

"Kwa macho yangu haya."

Hakuna aliyeuliza zaidi, na mimi nilikuwapo. Kesho yake tangazo likasomwa: Jumapili ijayo, mkutano wa wenye nyumba wote kuhusu usalama wa geti. Kobe alisikiliza akiwa ameshika ufagio. Alijua, nasi tulijua kwamba anajua. Mlinzi anayeondolewa kwa tuhuma za wizi haaminiwi tena kwenye geti lolote, na yule bwana hakuwa na kazi nyingine aliyoijua.

Katikati ya wiki hiyo Mama Matangazo alivuka barabara kununua mboga. Si kawaida yake. Hununua kwa wanaopita milangoni. Mwanamke anayeuza hapo nje, mkabala na geti, alimpokea kama shoga wa siku nyingi.

"Karibu, mama. Mama yake yule mwalimu wa hesabu hajambo sasa?"

"Unamjua mwalimu?"

"Hata sura simjui. Nimemsikia kwako."

"Kwangu wapi?"

Yule mwanamke akaelekeza kisu juu ya nguzo ya geti, kwenye spika. "Si hapo? Jumapili sisi huku tunazima redio. Unasoma vizuri, mama, hukwami. Tumelia na ninyi msiba wa yule mzee, tumecheza harusi ya yule binti. Mialiko tu ndiyo haijafika."

"Mnasikia yote?"

"Mpaka nani anaharisha." Akacheka, akaendelea kukata majani. "Kulikuwa na vijana walikuwa wanakuja kukaa pale kwenye matofali, Jumapili tu. Kimya, wanasikiliza. Nikasema, hawa nao wapenda habari. Siku hizi siwaoni."

Alirudi bila mboga, akaja moja kwa moja kwangu. Alinieleza akiwa amesimama, amekataa kiti.

"Nikinyamaza?" aliuliza.

"Utaendelea na matangazo," nikamjibu. "Na Kobe ataondoka."

Sikumwongezea neno. Mtu mzima analijua lililo sawa kabla hajauliza. Anachotafuta ni mtu wa kumpa ruhusa ya kulikwepa, na mimi sigawi ruhusa hizo.

Jumapili mwenyekiti alimpa kipaza sauti kama kawaida. Alikizima, akakilaza juu ya meza, akasema kwa sauti yake tupu.

"Mwizi hakuambiwa na Kobe. Ameambiwa na mimi. Spika ile inasikika hadi ng'ambo ya barabara. Kila mliponiambia mnasafiri, niliwatangazia na wezi."

Mwalimu wa hesabu akauliza, "Kwa hiyo tumejiibia wenyewe?"

"Tumejitangaza wenyewe. Kuiba wameiba wao."

"Dada, umechoka," mwenyekiti akasema taratibu. "Na kufuli je? Si ulisema mwenyewe?"

"Nilimwomba aniangalizie, akaniangalizia. Nilikuwa ndani nikimvizia kwa mchi."

Wengine walicheka, na kicheko kile hakikuwa kizuri. Nyuma yangu mtu alinong'ona kwamba huenda mama na mlinzi wanajuana. Dhana ikifukuzwa kwa mtu mmoja haifi. Hutafuta mwingine wa kukaa naye. Hata hivyo mwenyekiti alituma watu wawili nje, akaongea kidogo kwenye spika habari za mitaro, nao wakarudi na kila neno lake. Shauri la kumwondoa Kobe likafa bila hata kupigiwa kura. Spika ikashushwa siku hiyo hiyo. Hakuna aliyemwambia Kobe pole. Mwenyekiti alimwambia tu, "Endelea na kazi."

Watu walipotawanyika Mama Matangazo alimfuata kibandani. Nilikuwa hatua chache nyuma yao.

"Baba, nimekukosea. Nisamehe."

"Siku ile nilijua uko ndani, mama," Kobe alisema. "Pazia lilicheza."

"Ulijua? Mbona ulishika kufuli?"

"Ulisema nipite. Nisingepita, ungesema nini?"

Mama akasema tena, nisamehe.

"Nimesikia," Kobe akasema, akaenda kufungua geti, maana gari lilikuwa linapiga honi.

Sasa Mama Matangazo hupita mlango hadi mlango na kuacha habari hapo hapo mlangoni, kwa sauti ya chini. Wanaomfungulia ni wachache kuliko zamani. Za safari haziulizi tena. Anayesafiri humwambia jirani yake wa ukutani, basi. Kila asubuhi humsalimu Kobe, na Kobe humwitikia salamu yake kamili, kwa heshima, wala hajaongeza neno juu yake hadi leo. Mama haendi haraka pale getini. Husimama kidogo, akangoja, ndipo akapita.