Mbuyuni Mbili

Majina ya watu wa kambi ile ninayo yote, mpaka la mbwa wa mlinzi. Siyaandiki, maana wengine wana watoto hai. Ya mahali nitayataja, kwa kuwa jina la mahali ndilo lililotuponza.

Ilikuwa miaka ya sabini, lami ya barabara kuu bado nyeusi. Mume wangu alikuwa karani wa kampuni moja ya malori, ofisi yao kubwa iko Iyunga, Mbeya, na sisi kwetu ni Ilomba. Wakamhamishia Ruaha Mbuyuni, mbele kabisa ya Iringa, kule chini kwenye joto, penye kambi ndogo ya kutengeneza malori yaliyoharibika njiani. Nililia. Kwetu tunavaa sweta mpaka mchana. Kule hata shuka lilikuwa adui.

Kambini palikuwa na simu moja, ile ya kuzungusha kwa mkono. Ilikuwa na tabia yake: haikuijua Iringa, ingawa Iringa ndiyo jirani. Kampuni ilikuwa imeiunga laini na ofisi yao wenyewe. Ukizungusha, anayeitika yuko Iyunga, na yeye ndiye anakuunganisha na mji, yaani mji wa Mbeya, mwendo wa kutwa nzima kwa gari. Simu ilikaa kwetu, mdomo wake ulikuwa Mbeya. Kwa kuagiza spea ilitosha. Siku ya moto au ya mgonjwa itakuwaje, hakuna aliyejiuliza.

Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, akaja kukaa nasi akisubiri kujifungua mtoto wake wa kwanza. Mumewe alikuwa dereva, leo Tunduma kesho Dar. Wifi alikuwa mtu wa utani. Tukimuuliza mtoto ataitwa nani, anafunika mdomo kwa kiganja, anacheka humo humo ndani. "Jina ninalo, wifi. Akitoka yeye, na lenyewe litatoka."

Uchungu ulimshika alfajiri. Jua lilipopanda, bibi mkunga, Mhehe mmoja mwenye mikono mizuri sana, akanivuta nje.

"Mwanangu, mtoto amekingama. Mimi hapa nimefika mwisho. Hili ni la hospitali."

Mume wangu akakimbilia simu. Nilisimama mlangoni, nikasikia yote. Wa Iyunga akamuunganisha na hospitali ya Mbeya, na mume wangu akapaza sauti kama mtu anayeita ng'ambo ya mto: "Nina mzazi hapa, hali mbaya! Tuleteeni gari!"

Wakamuuliza yuko wapi.

"Mbuyuni. Mbuyuni kambini."

Wakamwambia gari linatoka sasa hivi, mgonjwa asiondolewe, msije mkapishana njiani.

Mbuyuni. Alisema tu kama tulivyosema sote. Ukishakaa mahali unalikata jina lake, na sisi ile Ruaha tulikuwa tumeitupa siku nyingi. Pale Ruaha hapakuwa na Mbuyuni nyingine ya kutuchanganya.

Basi tukakaa kusubiri, tukidhani Mbeya watawaagiza wenzao wa Iringa walete gari la karibu. Lori la vitunguu likapunguza mwendo mbele ya kambi, dereva akatoa kichwa.

"Mama, mna nini hapo?"

"Mzazi. Amekwama."

"Mpakieni! Mimi napandisha Iringa. Nitamtandikia magunia."

Tukamgeukia wifi. Alikuwa ameegemea ukuta, jasho linamtiririka, na bado utani haujamwisha. "Nilale juu ya vitunguu, mtoto azaliwe macho yanamchuruzika? Mwache aende zake. La hospitali lina kitanda. Hata mimi siku moja nipite njiani nimelala kama mke wa mkuu wa mkoa."

Tulicheka. Hata bibi mkunga alicheka. Lori likaondoka kuelekea mlima wa Kitonga, na mimi nikalipungia mkono, nikimshukuru dereva.

Malori mengine yalipita. Hatukuyasimamisha.

Kivuli cha nyumba kilikuwa kimeshahamia upande wa pili simu ilipolia. Alikuwa dereva wa gari la hospitali, anapiga kupitia Iyunga kutoka ofisi ya shamba la mpunga huko Usangu, mkoa ule ule wa Mbeya. Alikuwa na hasira, sauti yake niliisikia mpaka mlangoni.

"Karani, unanichezea? Niko Mbuyuni hapa. Nimeuliza kambini kwa watu wa shamba, nimeuliza mpaka Wasukuma wenye ng'ombe zao. Hakuna mwanamke mwenye uchungu!"

"Na sisi tuko Mbuyuni!" mume wangu akasema. Halafu akapiga kelele: "Mbuyuni ya Ruaha, ndugu! Ya Iringa! Ya vitunguu!"

Kisha yule dereva akasema, taratibu, hasira yote imemtoka: "Ah, baba. Ungesema vitunguu tangu mwanzo."

Tukasimamisha lori la nyanya. Wifi alilazwa katikati ya matenga, kichwa chake mapajani kwangu. Tulipoanza kona za Kitonga aliacha kuongea. Iringa walimpasua. Alikuwa mtoto wa kiume, ameshakwenda. Na kizazi nacho wakakitoa, ili mama abaki.

Nesi mmoja alimuuliza mume wangu, "Mbona hamkutupigia sisi? Gari letu lilishinda hapa uani."

"Simu yetu haifiki hapa," alisema. Akarudia tena, kwa sauti ndogo, kama anajieleza kwa mtu mwingine.

Baadaye Iyunga walikubali kwamba simu ya mgonjwa kutoka Ruaha ipelekwe Iringa kwanza. Mume wangu yeye mpaka anakufa hakuanza tena simu kwa salamu. Alianza na mahali alipo, na tukiwa kule kambini ilikuwa: "Ruaha Mbuyuni, mkoa wa Iringa, penye vitunguu. Haya, shikamoo." Watu wa Ilomba walisema kazi imemtia kiburi.

Wifi yupo. Tumezeeka pamoja hapa Ilomba, nyumba yake na yangu zinatazamana. Msimu uliopita tulikuwa tunapukuchua maharage, nikajikuta nimemuuliza lile jina. Akaweka ungo chini, akafunika mdomo kwa kiganja, vile vile kama zamani.

Nikasubiri acheke. Akaokota ungo, tukaendelea na maharage.