Yule wa Nyuma ya Lori

Gari letu la utafiti, katika mtaa wa Magarama mjini Gitega, halijawahi kwenda popote. Lina kiti kilichong'olewa kwenye pikapu iliyopata ajali, usukani, pedali na skrini tatu kubwa, nalo limekaa ndani ya nyumba ya kupanga yenye mapazia mazito. Majirani walipojua kwamba nilisoma uhandisi miaka yote ile nije kukaa na gari lisilo na magurudumu, walinicheka, nami nikawajibu vibaya. Mimi ni mwepesi wa hasira, sikatai.

Tunachotafuta ni hiki: gari likiona hatari mbele na kufunga breki lenyewe, ajali zitapungua, au zitabadilika sura tu? Jambo hilo huwezi kulijaribu barabarani kwa mifugo ya watu. Kwa hiyo tunawaita madereva, wanakaa kwenye kile kiti, wanaendesha barabara ya kwenye skrini, mbuzi anaruka, nasi tunaangalia miguu yao na macho yao. Barabara hiyo niliichora mwenyewe, kutoka Gitega hadi Muyinga, kila mlima na kila kona. Nilijivuna nayo kupita kiasi.

Siku moja nikamwita baba. Baba anaendesha lori la maharage kule Muyinga tangu turudi kutoka ukimbizini Tanzania, na hajawahi kugonga hata kuku. Lakini mwenye lori alikuwa ameanza kusema kwamba mzee amechoka, ufunguo apewe mtu mwenye damu changa. Baba akaomba nimpime kama wengine, kisha nimwandikie karatasi ya kumwonyesha tajiri wake. Alikuja amevaa koti la kanisani.

Akapanda mlima wa kwanza, mbuzi akaruka. Baba akachelewa kukanyaga breki, gari likajifunga lenyewe, naye akageuza shingo nyuma kwa hofu. Mara ya pili vilevile, na ya tatu vilevile. Mwenzangu wa kazi, mtu wa mtaa wa Yoba mwenye utani mwingi, akaninong'oneza: "Dada, mzee iko anachelewa. Freni anashika kama mtu ametoka kulala." Niliona aibu, na aibu yangu siku zote hutoka ikiwa hasira. Kwenye karatasi yake nikaandika: amechelewa.

Tulipokaa kunywa chai nikamwuliza, kwa sauti ambayo mtoto hamtolei mzazi, kwa nini anamwona mbuzi na bado hakanyagi. Akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, yule wa nyuma umemweka wapi?"

Sikuelewa, akanieleza. Lori likipanda mlima, nyuma yake kuna mtu wa baiskeli amelishika kwa mkono mmoja, ana mzigo wa ndizi au mkaa, anavutwa. Imekatazwa, na kila siku wapo. Ukifunga breki ghafla unamwokoa mbuzi, halafu mtu anajibamiza kwenye chuma chako. Kwa hiyo dereva wa milimani huondoa kwanza mguu kwenye mafuta. Lori likilegea, yule wa nyuma anasikia mkononi mwake, anaachia, ndipo dereva anakanyaga.

"Gari lenu lina macho ya mbele tu," akasema, akaendelea na chai yake.

Barabara ile nimeipita kila likizo, na watu hao nimewaona tangu nina akili. Nilichora mikaratusi yote, nikawasahau wao.

Nikarudi kwenye kumbukumbu za mashine. Mguu wa baba ulitoka kwenye mafuta mapema kuliko wa dereva yeyote tuliyempima, macho yakaenda kwenye kioo cha pembeni, kisha ndiyo breki. Hakuchelewa. Alikuwa wa kwanza kumwona mbuzi, na kioo nilichomchorea kilimwonyesha barabara tupu ambayo hakuiamini. Nikamwomba radhi, naye akasema amesikia.

Nilichukua wiki mbili kumchora mtu wa baiskeli na ndizi zake. Tukajaribu tena. Gari likajifunga lenyewe mlimani, na yule mtu akalivaa lori kwa nyuma. Kwenye skrini hakuna damu, lakini mwenzangu wa utani aliinuka akazima skrini. Mkubwa wetu akaamuru swali la baba liingie kwenye utafiti: kama mbele kuna nafasi, gari lilegee kwanza, kisha ndipo lifunge.

Baba akaja mara ya pili. Mbuzi akaruka, mguu ukatoka, mtu wa baiskeli akaachia, breki ikashika, na mbuzi akavuka. Niliichana ile karatasi ya kwanza mbele yake, nikaandika nyingine yenye kila alichokifanya na sababu yake. Akaikunja ndani ya Biblia na kupanda basi la Muyinga.

Krismasi nilipokwenda nyumbani, lori bado lilikuwa uani kwetu na ufunguo ulining'inia mahali pake ukutani. Mama akaniambia anaona haya siku hizi, maana baba kila akitoka kanisani huwasimamisha watu na kuwaambia kwamba kule Gitega kuna gari analifundisha kuendesha. Akaniomba nimwambie aache kujisifu.

Sikumwambia. Ni kweli analifundisha.